TAHADHARI: Pikipiki moja inayomfaa kila mteja, yamenikuta Dodoma mjini

Habari zenu wapendwa. Naandika nikiwa nimeshapoa, wiki mbili zilizopita ningeandika matusi matupu. Jina la duka silitaji na yule kijana simtaji, sitaki kesi na watu, lakini mbinu zao ntazieleza zote maana najua msimu huu wa mavuno kuna wengi mnashika hela na mnataka kununua pikipiki.

Mimi nina shamba la zabibu Hombolo, ekari moja na robo, sio kubwa. Zabibu zetu huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka na zabibu haina subira, ukichelewa kuifikisha mjini inasinyaa na bei inasinyaa nayo. Miaka yote nlikuwa namlipa boda wa kijijini anipelekee makreti Majengo sokoni, nikapiga hesabu nikaona hela ninayompa boda misimu miwili mitatu inanunua pikipiki kabisa na mdogo wangu yupo nyumbani leseni anayo. Basi hela ya kikoba ilipogawanywa nikaongezea ya zabibu ikafika milioni tatu kasoro kidogo, tukapanda daladala mimi na mdogo wangu tukashuka Sabasaba.

Hatujatembea hata dakika kumi akatudaka winga, yaani dalali wa kuvutia maduka wateja. Mnawajua, anajifanya yuko tu anapita, "mama karibu, mnatafuta chombo?", akanisalimia na mbukwenyi kabisa ili nimuone wa nyumbani, mimi wala si Mgogo, mimi Mrangi wa Kondoa nimeolewa tu Hombolo, lakini nikaitika maana salamu haikataliwi. Akatupeleka kwenye hilo duka, akanong'ona na kijana wa mauzo, akakaa pembeni. Hapo mjue bei imeshapanda, winga hafanyi kazi ya Mungu, cha juu chake kipo ndani ya bei yako.

Kijana wa mauzo sasa. Mtaratibu, shati limenyooka, ananiita mama mkubwa, kaleta kiti na maji ya kunywa. Nikamwambia nataka Boxer au TVS, kwa sababu huko kwetu vijana wengi ndo wanazo na fundi wetu anazijua. Akacheka kidogo kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Mama mkubwa, hizo zilikuwa zamani, siku hizi spea zake feki tupu, utanunua pistoni leo kesho imekwisha. Ngoja nikuonyeshe chombo." Akanipeleka kwenye ya Kichina moja nyekundu, ubavuni stika kubwa imeandikwa 150, yaani ujazo wa injini cc 150, taa za kumetameta, rimu badala ya spoku, na redio, ndio, ina redio.

Nlikuja kuelewa baadaye ujanja ulikuwa wapi. Kwenye spea hakudanganya. Spea feki za pikipiki zinazotembea sana ni kweli zipo. Ila jamani, hakuna mtu anayegushi spea ya pikipiki isiyonunuliwa, feki zinafuata soko, na pikipiki ambayo spea yake feki haipo ujue hata oriji yake utaitafuta mpaka uchoke. Leo nimeshatafuta kebo ya klachi ya hii yangu Hombolo yote sijaipata mpaka nimeagiza mjini, wakati kebo ya Boxer inauzwa mpaka kwenye kibanda cha vocha.

Kingine ambacho kama ningekuwa na akili zangu siku ile kingenishtua, yule kijana hakuniuliza nabeba nini. Hata mara moja! Hakuuliza njia ikoje, hakuuliza nani anaendesha. Mimi ndo nilijisemea mwenyewe kwamba nabeba makreti manne na kwetu kuna mchanga na korongo kabla hujaikuta lami, akajibu "hiyo ndo kazi yake hii". Mdogo wangu akasema na yeye atakuwa anapiga boda siku ambazo hamna mzigo, akajibu "hiyo ndo kazi yake hii". Nikamtania nikasema na mimi je ntaendea nayo kanisani, mnajua alichojibu.

Halafu ikaja presha. Zimebaki mbili, ofa mwisho leo, kuna mteja wa Bahi kaahidi kuja saa nane, ukilipa sasa hivi nakupa helmeti mbili na refleksa bure. Waranti mwaka mzima. Nlivyosita akaanza kuniuzia mkopo, eti nisitoe hela yote, nitoe kianzio laki sita halafu elfu kumi kwa siku miezi kumi na nne. Nashukuru Mungu hesabu najua: elfu kumi kwa siku miezi kumi na nne ni kama milioni nne na laki mbili, weka na kianzio unafika milioni nne na laki nane, pikipiki ambayo keshi anakuuzia milioni mbili laki saba na nusu. Yaani kwa hiyo tofauti ya milioni mbili na ushee ningenunua ng'ombe. Nikakataa mkopo nikajiona mjanja, nikalipa keshi 2,750,000, kumbe nimekwepa shimo nimeingia mtaroni.

Risiti akaniandikia ya mkono. Nikauliza ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iko wapi akasema mashine haina mtandao nitaikuta nikija kuchukua kadi ya usajili. Nikakubali!! Mtu mzima mimi, tangazo la ukinunua dai risiti nalisikia kila siku redioni.

Kadi ilichukua wiki tatu na nusu, mara mfumo uko chini, mara TIN yako (namba ya mlipakodi) ina shida, mara njoo Jumatatu. Muda wote huo pikipiki imekaa ndani maana bila namba ukikutana na trafiki ni kesi nyingine. Kadi ilivyotoka na kibao cha namba za MC tukashangilia, mdogo wangu akapakia makreti manne safari ya kwanza. Hajatoka kijijini. Kwenye kale kakilima baada ya korongo pikipiki ikalia, akashusha gia mpaka ya kwanza, haipandi, ikabidi watoto waliokuwa wanachunga mbuzi waje kumsukuma. Zabibu kreti moja ikamwagika na mbuzi wakala, wao ndo walifaidi mpaka sasa.

Nikadhani labda kijana hajui kuendesha. Tukaipeleka kwa fundi wetu, mzee mmoja mpole sana hana maneno, akaiwasha akaisikiliza, akaniomba kadi. Akasoma akanirudishia akasema "dada, ubavuni wameandika 150, kadi hii inasema 124". Kwenye kadi ya TRA (mamlaka ya mapato) ujazo wa injini upo, mimi niliangalia jina langu tu na rangi. Halafu akachuchumaa akapangusa vumbi kwenye injini upande wa chini, akanionyesha maandishi yamegongwa kwenye chuma: 156FMI.

Naomba hapa msome polepole maana mimi hili ningelijua mapema nisingepigwa. Pikipiki nyingi za Kichina injini zake zina namba ya namna hiyo. Ile 1 ya mwanzo ni idadi ya silinda, yaani silinda moja. 56 ni upana wa silinda kwa milimita. F maana yake inapozwa na upepo, M ni injini ya pikipiki, na herufi ya mwisho ndo kundi la ujazo, I ni 125. Ya 150 ya kweli mara nyingi inakuwa 162FMJ. Sasa kuna mtego ambao fundi alinionyesha kwenye pikipiki nyingine hapo gereji kwake, ilikuwa imeandikwa 150FMG, na mwenye nayo anatamba ana 150. Sio! Hiyo 150 ni silinda moja yenye upana wa milimita 50, na hiyo injini ni cc 100. Muuzaji anaweza kukuwekea kidole kabisa kwenye ile 150 akakwambia soma mwenyewe mama, na utasoma, na utalipa.

Boxer na TVS ni za India, hazitumii namba za hivyo, kwa hizo angalia kadi au kitabu chake. Na usigombane na mtu kwa tofauti ndogo, Boxer ya 150 yenyewe ujazo wake ni 144.8 na hakuna aliyeibiwa hapo. Lakini 124 kuitwa 150 ni kwamba umeuziwa pikipiki nyingine. Na sio kwamba 125 ni mbaya, ingekuwa ya kwendea kazini Mtumba na kurudi ningeifurahia tu, tatizo ni makreti yangu na bei niliyolipa ya 150.

Fundi akaniambia niangalie na tairi pia. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Za kwangu zilitengenezwa miaka mitatu kabla, maana yake "zimebaki mbili" zilikuwa zimebaki mbili muda mrefu sana.

Nikarudi mjini. Nlifika mapema duka halijafunguliwa vizuri, nikakaa kwa mama lishe ng'ambo ya barabara nikaagiza chai na chapati ili nijipange maneno. Kukaa kule ndo kulinifungua macho kuliko vyote. Kwanza akaja mwalimu mmoja (nilijua mwalimu maana alikuwa anasema ya kwendea shule), mlango uko wazi na yule kijana sauti anayo, akapewa ile nyekundu. Wakaja vijana wawili wa boda, nyekundu. Akaja mzee na kanzu yake anataka ya kwenda nayo shamba Kibaigwa, nikasema huyu mzee atampa nyingine, wapi, nyekundu! Maneno yale yale, mteja wa Bahi bado anakuja saa nane. Nikajikuta nacheka peke yangu. Mama lishe akaniuliza kulikoni, nikamweleza, akasema "hee mwaya, na wewe umeuziwa? Hao wanakula hapa kwangu, nawasikia kila siku, ile nyekundu ikitoka yule kijana anapewa elfu hamsini, hizo nyingine akiuza anapata elfu kumi". Basi. Mimi nlidhani nashauriwa, kumbe nlikuwa elfu hamsini imevaa kitenge.

Sisemi mtu asipate kamisheni, kila mtu anakula kazini kwake na mimi zabibu zangu nasifia hata zile chungu. Lakini mimi nikisifia zabibu unaionja hapo hapo kabla hujalipa. Pikipiki unaionja ukishafika Hombolo.

Nikavuka barabara. Yule kijana alivyoniona akaniita mama mkubwa tena, nikamwambia leo niite mteja. Alijaribu kusema nimeipokea ikiwa nzima na nimesaini, na kwamba waranti ni miezi sita sio mwaka, tena iwe imefanyiwa sevisi zote kwao, kitabu kinasema hivyo, kweli kinasema, mimi kitabu nilikipokea kimefungwa kwenye nailoni na helmeti juu yake. Sikupiga kelele. Nikaomba kuonana na mwenye duka, nikamwekea mezani kadi inayosema 124, picha ya stika inayosema 150, picha ya namba ya injini, na ile risiti ya mkono, nikamwambia hii risiti naipeleka TRA na hizi tatu nazipeleka FCC, ile tume ya ushindani inayotetea wateja, kumuuzia mteja kitu kwa sifa ambayo hakina sheria inakataza. Kusikia TRA akaagiza chai.

Hela hakurudisha, nisiwadanganye. Alitoa risiti ya EFD siku ile ile (mtandao uliamka ghafla), akanirudishia laki mbili akasema tofauti ya bei, na akagharamia kubadilisha sproketi ya nyuma, ile ya meno inayoshika mnyororo, tukaweka yenye meno mengi zaidi. Fundi anasema hiyo inaipa nguvu ya kuvuta ila spidi inapungua, na kweli lami sasa inalalamika mapema lakini kilimani inapanda. Wengine mtasema ningepeleka mbele, labda, ila zabibu zilikuwa zinanisubiri na nauli ya kwenda na kurudi mjini kila siku nani anilipie.

Kwa hiyo wewe unayekuja mjini na hela yako, chagua pikipiki ukiwa kijijini kwako, kwa kumuuliza fundi wako na mtu anayebeba mzigo kama wako, halafu mjini uje kuuliza bei tu. Ingia maduka matatu bila winga. Muuzaji akiponda ile uliyoijia, muulize ya kwake ina ubaya gani, akikosa hata mmoja nyanyuka. Chuchumaa usome injini hata kama umevaa nguo ya kutokea. Na usilipe mpaka mashine ya EFD imetoa karatasi, hata kama mteja wa Bahi kasimama mlangoni.

Sahivi inabeba makreti matatu vizuri. La nne namlipa yule yule boda wa kijijini, mwenye Boxer, na kila akilifunga kamba anauliza, "dada, ile redio inashika stesheni ngapi?"