Stellarium ku simu yangu hapa Goma: uzoefu wangu mi mchoraji wa bede

Bon, niseme mapema kwamba mi si mtu wa sayansi. Mchana niko namsaidia mama kuuza, usiku niko nachora bede, hadithi za katuni, zile za kusoma ku simu unashusha tu na kidole, na hadithi yangu ni ya uchawi na vitu vya kubuni, binti mmoja anabeba moto wa volkano juu ya chukudu (baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma), anatembea usiku kandokando ya ziwa lisilokuwa na jina (mtu wa Goma akiona picha ya pili tu ameshajua ni ziwa gani). Donke hii programu ya nyota sikuitafuta kwa kupenda nyota. Niliitafuta juu ya aibu.

Ilikuwa hivi. Mu episodi ya tano nilichora mwezi mchanga mzuri kabisa, umesimama wima kama herufi C, na kando yake nyota moja kubwa juu ya mlima, ile binti anaifuata ili ajue kaskazini iko wapi. Nikaweka ku statisi, watu wakapenda, mioyo ikaingia, nikalala na raha. Kuna papa mmoja, mzee mvuvi pale Kituku, mi hununua sambaza kwake, wale samaki wadogo wa ziwa, kumbe mtoto wake alimuonyesha. Siku nimeenda na beseni yangu akaniangalia kidogo halafu akasema: «Binti yangu, ile mwezi uliitosha wapi? Ya hapa inalalaka kama pirogi, kama mtumbwi.»

Nilicheka nikafikiri ananitania. Lakini watu wa sambaza mwezi wanaujua kuliko sisi wote, njo hesabu ya kazi yao: wanafunga pirogi tatu pamoja na miti mirefu, wanawasha taa katikati ya ziwa, samaki wanafuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa inakosa nguvu na wavu unapanda mwepesi. Mtu kama huyo humdanganyi na mwezi wa kuchora.

Jioni ile yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, akaniambia weka Stellarium. Ile ya kompyuta ni ya bure kabisa, aliyeianza ni Mfaransa Fabien Chéreau mwaka 2000, na ya simu iko na toleo la bure na lingine la kulipia lenye nyota nyingi zaidi na la kuongoza teleskopu. Teleskopu sina, kwa hiyo la bure linanitosha. Unaifungua, unakubali ijue mahali uko, unainua simu juu na inakuonyesha kile kiko mbele yako na jina lake. Kitu kilichonishika zaidi ni saa: unaweza kusogeza wakati mbele na nyuma na mbingu yote inazunguka mbele ya macho.

Nikarudisha tarehe mpaka jioni ya mwezi mchanga. Papa ana haki. Mwezi umelala chali, pembe mbili juu, pirogi kabisa. Sababu sisi tuko karibu na ikweta, Goma iko digrii 1.7 tu kusini yake, jua na mwezi vinashuka hapa karibu wima, kwa hiyo jua likiisha kuzama linaupiga mwezi mwanga kutoka chini, tumbo ndilo linang'aa.

Halafu nikatafuta ile nyota ya kaskazini. Nikaandika Polaris, simu ikaanza kunielekeza, shuka, shuka tena, mpaka imenionyesha udongo. Nyota iko chini ya upeo, kutoka hapa haionekani, hata milima ya Virunga ikiondoka. Binti yangu episodi tatu nzima alikuwa anafuata nyota iliyo chini ya miguu yake! Na nilijua mara moja niliitosha wapi: ni mu bede za Ulaya na za Japani nilizosoma tangu utoto. Wale wamechora mbingu ya kwao, hawana kosa, mi ndiye nilikopi mpaka mwezi.

Toka siku hiyo kila nikitaka kuchora usiku nafungua mkeka mu parseli, yaani uani, nalala chali, kitenge juu ya kichwa juu baridi ya hapa usiku si mchezo. Siku za kwanza jirani alinichungulia juu ya ukuta wa mawe ya volkano, anaona mtu amelala anaelekeza simu juu huku na kule, akauliza, «Unatafuta reso?» Nikasema ndiyo, reso, mtandao. Ningeelezea nini.

Sasa mambo ya kujua kabla hujaitumia. Simu yangu ilikuwa inanidanganya mwelekeo, inaniambia Zuhura iko upande wa ziwa na mi naiona kwa macho iko juu ya nyumba ya jirani, nikakasirika na programu siku mbili nzima. Kumbe ni kifuniko cha simu, kile cha kufunga na sumaku, kinavuruga dira. Nilikitoa, nikazungusha simu hewani kama naandika 8 mara kadhaa, ikatulia. Kingine, bonyeza alama ya usiku ili skrini ikuwe nyekundu, juu macho yanahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza na mwanga mweupe wa simu unaharibu yote kwa sekunde moja. Kuran (umeme) ikikatika mtaa mzima, ambayo wote tunalalamika, mi natoka nje mbio. Moshi wa makala (mkaa) nao unasumbua mapema jioni, na upande wa kaskazini kuna usiku wekundu wa volkano unapaka mawingu, hapo nyota ndogo zinapotea, lakini wekundu wenyewe nauchora pia, siwezi kulalamika.

Kitu kilichonilipa zaidi ni hiki. Mwezi wa tano, kama saa tatu ya usiku, ukisimama hapa Goma ukiangalia kusini unaona Msalaba wa Kusini, ukigeuka kaskazini unaona zile nyota saba zenye umbo la kata, ambazo mbili za ukingo wa kata, upande usio na mpini, zinaelekeza kule Polaris ingekuwa. Zote mbili kwa wakati mmoja, karibu urefu uleule, moja huku moja kule na wewe katikati. Mtu wa Paris Msalaba hauoni kabisa. Nikafuta hadithi yote ya nyota moja ya kuongoza. Sasa binti yangu anatembea kati ya wazee wawili wa mbinguni wasioongea, mmoja ana msalaba, mwingine ana kata ya maji, akitaka njia anampa huyu bega moja na yule bega lingine. Hiyo singeibuni mu kichwa. Na Orion, mwindaji ambaye wengine wanamchora amesimama, hapa akitoka mashariki mwezi wa kumi na mbili anatoka amelala ubavu, kama mtu wa chukudu aliyeshusha makala na hana nguvu tena. Mbele yake imeshapanda Kilimia, nyota ndogo zimekusanyika, jina hilo lilikuwa letu tangu zamani.

Kuchora zenyewe: nakopi skrini, naiweka chini mu Krita (programu ya kuchora, nayo ya bure), halafu juu yake kwenye leya nyingine naweka nukta moja moja kwa mkono, kubwa kwa nyota zinazong'aa, Betelgeuse na rangi ya machungwa, Rigel bluu kidogo. Zamani nilikuwa natumia brashi ya kumwaga nyota hovyo kama chumvi. Tablet yangu ya kuchorea ni okazioni, imeshatumika, dola 40 mu duka moja la Birere, muuzaji alikataa noti yangu juu ya mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto, mi nami nikakubali kalamu yenye ncha imeisha upande mmoja, naizungusha tu. Ukimaliza usitume picha kwa WhatsApp hivihivi, nyota ndogo zote inazimeza, tuma kama dokima (document).

Wiki iliyopita nilimpelekea papa wa Kituku episodi ya tano mpya. Akavaa miwani, akaangalia muda mrefu, mwezi kama pirogi, pirogi zake tatu na taa chini. Akasema, «Mwezi njo yenyewe sasa.» Nikaanza kutabasamu. «Lakini hapa umeandika saa sita ya usiku. Mwezi kadogo hivi, saa sita ilishalalaka zamani.»

Nikarudi nyumbani, nikafungua simu, nikasogeza saa. Umezama saa mbili kasoro. Leo usiku naanza episodi ya tano mara ya tatu.