Saint Petersburg kwa Mlango wa Uani: Tathmini ya Ziara ya Maisha ya Kila Siku

Mwezi Juni mwaka jana nilisafiri kutoka Dodoma hadi Saint Petersburg kwa ajili ya mahafali ya mpwa wangu, na katika siku tisa nilizokaa huko nililipia matembezi ya namna tatu: ya boti kwenye mifereji, ya jumba la makumbusho la Hermitage, na haya ninayoyatolea tathmini hapa, yaani matembezi ya miguu ya saa tano ambayo lengo lake ni kumwonyesha mgeni jinsi wakazi wa kawaida wa mji ule wanavyoishi. Mawili ya kwanza yamekwisha kuanza kunitoka kichwani. Haya ya tatu nayakumbuka hatua kwa hatua, kwa uzuri wake na kwa kosa lake moja ambalo nitalieleza kwa kirefu. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa nimekwisha kuwaandikia wenyewe na ningependa wapate nafasi ya kujirekebisha. Nawaandikia hasa wazazi na walezi wenzangu wenye vijana wanaosoma Urusi, ambao iko siku watakwenda mahafali kama mimi na kujiuliza watumieje siku zao.

Tulikutana saa nne asubuhi nje ya kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Vladimirskaya, tukiwa watu sita pamoja na mwongozaji wetu, mwanamke aliyezaliwa na kukulia katika mji huo huo. Alizungumza Kiingereza cha taratibu, na pale kilipompungukia, mpwa wangu alinitafsiria Kirusi. Kabla hatujaanza alituwekea sharti kwamba hakuna kumpiga mtu picha bila kumwomba, na sharti hilo lilinifurahisha sana. Aliponiuliza nimetoka wapi nikamwambia Dodoma, mji ulioteuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, alieleza kwamba mji wake ulipitia jambo lililo kinyume: ulijengwa na Tsar Peter kuanzia mwaka 1703, ukawa makao makuu kwa takribani miaka mia mbili, kisha mwezi Machi 1918 serikali ikahamia Moscow na kuuacha na majumba yake. Majumba hayo ndiyo yanayouzwa kwa wageni. Yeye kazi yake ni kuwapitisha nyuma yake.

Na nyuma ya majumba hayo kuna nyua. Ukipita kwenye barabara kubwa unaona kuta zilizopakwa rangi na kunakshiwa vizuri, lakini kila baada ya nyumba chache kuna tao lenye geti, na ukilivuka tao unajikuta katika ua mdogo uliozungukwa pande zote nne na ghorofa tano au sita, kiasi kwamba ukitazama juu unaona kipande cha mbingu tu. Wenyewe huziita nyua hizi kwa jina lenye maana ya ua-kisima, na mtu anayesimama chini kabisa anaelewa mara moja jina hilo limetoka wapi. Tulipita katika nyua kama saba. Katika mmoja mzee alikuwa akitengeneza baiskeli, katika mwingine kulikuwa na mapipa ya taka na paka wawili, na katika wa tatu watoto walikuwa wakicheza mpira huku mama mmoja akiwakemea kutoka dirishani kwa sauti ambayo haikuhitaji mkalimani. Mimi niliyekulia katika nyumba yenye uani, mahali ambapo chakula hupikwa, nguo hufuliwa na habari zote za mtaa hupita, nilijisikia nimefika kwa watu.

Soko la Kuznechny liko hatua chache tu kutoka kituoni, na huko tulikaa karibu saa nzima. Ni soko la ndani ya jengo, lenye dari refu na meza za mawe, na wauzaji wake wengi wametoka Kaukasi na Asia ya Kati. Desturi yao ni kumwonjesha mteja kabla hajanunua: asali kwenye kijiti, kipande cha jibini, matango yaliyochachushwa kwa chumvi na majani ya shibiti. Muuzaji mmoja alinimiminia kiganjani zabibu kavu za Uzbekistan, nyeusi, ndogo, zenye mikunjo mikali, na nilipozitafuna niliona utamu wake umejificha nyuma ya uchachu mdogo, tofauti kabisa na zabibu mbichi tunazoonjeshwa katika soko la Majengo msimu wa mavuno unapofika. Nilimweleza kupitia mpwa wangu kwamba kwetu nako zabibu hulimwa na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hakuamini kwamba Afrika inaweza kuotesha mzabibu. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya shamba la kaka yangu, akawaita wenzake wa meza za jirani waje waone, na akaniongezea zabibu gao zima bila malipo. Mwongozaji hakutuharakisha. Kiongozi mwingine angetazama saa. Huyu alisimama pembeni akatuacha, na kwa maoni yangu hapo ndipo ustadi wake ulipoonekana zaidi kuliko katika yote aliyoyaeleza.

Kutoka sokoni aliingia katika duka la mkate, akanunua mkate mweusi wa rai, tukakaa kwenye benchi. Alitoa mkobani mizani ndogo ya jikoni, akakata kipande, akakipima, akapunguza, akapima tena hadi ikasoma gramu 125, kisha akakipitisha mkono kwa mkono. Kipande hicho kilienea kwenye kiganja changu na nafasi ikabaki. Mji huo, ambao wakati ule uliitwa Leningrad, ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani kuanzia tarehe 8 Septemba 1941 hadi tarehe 27 Januari 1944, siku 872, na katika majuma mabaya zaidi, kati ya mwishoni mwa Novemba na mwishoni mwa Desemba 1941, hicho ndicho kilichokuwa chakula cha siku nzima cha mtoto na cha mtu asiye kibarua wa kiwandani. Tena haukuwa mkate kama huu tulioushika, kwa sababu unga wake ulichanganywa na mashudu ya pamba na nyuzi za mbao. Neno mashudu liliponifikia kwa tafsiri, nilisita. Sisi wa Kanda ya Kati mashudu tunayajua, tena ya alizeti, na tunajua huliwa na nani. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akitusimulia habari za Mtunya, njaa iliyoiangamiza Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza baada ya majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Naye habari hizo alizipokea kwa mama yake. Nilimsimulia mwongozaji hayo. Tulikaa kimya kidogo, kisha tukaugawana ule mkate, na hakuna aliyebakiza hata chembe.

Sehemu iliyofuata nitaipitia upesi. Tulishuka katika treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Admiralteyskaya, kilicho mita 86 chini ya uso wa ardhi kwa sababu mji umejengwa juu ya udongo laini wenye maji, na ngazi ya umeme ya kupandia juu ni ndefu kiasi kwamba watu husoma vitabu wakiwa wamesimama juu yake. Kisha tukaenda katika mgahawa mdogo wa mtaa wa Bolshaya Konyushennaya uliokuwepo tangu mwaka 1958, unaouza maandazi ya duara yenye tundu katikati, yaliyonyunyiziwa sukari ya unga, pamoja na kahawa ya maziwa. Unakula umesimama kwenye meza ndefu na unajifuta kwa vipande vya karatasi ya kawaida. Ni matamu yakiwa ya moto, na hayafai kabisa yakipoa.

Sasa nafika kwenye nyumba. Kampuni inaitangaza ziara hii hasa kwa ajili ya kituo chake cha mwisho, ambacho ni nyumba ya wapangaji wa pamoja, inayoitwa kwa Kirusi kommunalka. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 nyumba kubwa za matajiri ziligawanywa, kila familia ikapewa chumba kimoja, na jiko, bafu na choo vikawa vya wote. Katika mji huo nyumba za aina hii bado zipo kwa maelfu. Pembeni mwa mlango kulikuwa na vitufe saba vya kengele, kila kimoja na jina la mwenye chumba. Ndani, kwenye ukuta wa ukumbi, zilipangwa mita saba za umeme, na chooni kulikuwa na swichi saba, kila mpangaji akiwasha balbu yake mwenyewe ili asije akalipia mwanga wa jirani. Yeyote aliyewahi kupanga chumba Chang'ombe au Chadulu katika nyumba yenye mita moja tu ya umeme ya LUKU, akaishi na ugomvi wa nani ana jokofu na nani anapiga pasi usiku, atazielewa balbu zile saba bila kuelezwa neno.

Tulipokuwa tukipanda ngazi tulikuta tangazo limebandikwa ukutani, na mwongozaji akatufafanulia kwamba maji ya moto ya mji mzima hutoka katika mitambo mikubwa na kupita kwenye mabomba hadi majumbani, na kwamba kila kiangazi kila mtaa hukatiwa maji hayo kwa muda usiozidi siku 14 ili mabomba yapimwe na kutengenezwa. Tangazo lilisema nyumba ile ilikuwa katika siku yake ya sita. Mimi nimezoea mgao wa maji, kwa hiyo nilitabasamu. Sikujua kwamba tangazo hilo lingenihusu dakika tano baadaye.

Mwongozaji alifungua mlango kwa ufunguo wake, akatugawia mifuko ya plastiki ya kufunika viatu, na akatuongoza moja kwa moja hadi jikoni. Huko tulimkuta mama wa makamo ya bibi yangu, amevaa gauni la nyumbani na taulo begani, akichemsha maji ya kuoga katika sufuria kubwa. Watu sita tukamsimamia. Hakuna aliyebisha hodi. Hakusema kitu, alizima moto, akajifunika vizuri lile taulo kifuani, akatupita akaenda chumbani kwake, akaacha sufuria yake jikoni. Mwongozaji aliendelea kutueleza habari za meza saba na majiko manne. Mimi sikuweza kusikiliza tena, na nikamwambia mpwa wangu, "Baba, twende tukamwombe radhi."

Akanijibu, "Shangazi, wewe simama nyuma kidogo, kwanza nimwulize kama anataka." Akagonga mlango, akazungumza kwa upole na bila haraka. Mlango ulifunguliwa. Mpwa wangu aliomba ruhusa ambebee ile sufuria hadi bafuni, na yule mama akakubali, akatembea mbele yake akimwonyesha njia. Ndipo alipomweleza kwamba kampuni inamlipa mpangaji mmoja tu kati ya saba, yule wa chumba cha kwanza, na ndiye aliyetoa ufunguo. Wengine sita hawajawahi kuulizwa, na wageni huja mara nne kwa wiki wakati wowote. Nilimsalimu kwa neno moja la Kirusi nililokuwa nimefundishwa, zdravstvuyte, nikainama kama ninavyowainamia wakubwa wangu nyumbani. Alinishika mkono. Hakutabasamu, wala sikutegemea atabasamu.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Mwongozaji yule si mtu mbaya. Ndiye aliyetukataza kupiga picha, ndiye aliyepima mkate kwa heshima kubwa. Nadhani mazoea ndiyo yaliyomfikisha pale, kwa maana mtu akipita mlango uleule mara nne kwa wiki huanza kuuona kama wake. Lakini ziara inayouza maisha ya watu ni lazima ianze na idhini ya watu wenyewe, wote, na malipo yagawanywe kwa wote wanaotazamwa. Nasema hivi pia kwa sababu nimesikia vijana wa hapa Dodoma wakizungumzia kuanzisha matembezi ya aina hii: kuwapeleka wageni kula ugali wa uwele kwa mlenda, kuona zabibu zikivunwa, kusikiliza zeze uani kwa mtu. Wazo ni zuri na ningelilipia. Wakaanze kwa kuzungumza na wapangaji, si na mwenye nyumba peke yake.

Kwa atakayekwenda: bei ilikuwa rubo 3,000 kwa mtu, pamoja na vionjo na nauli ya treni. Beba fedha taslimu, kwa kuwa kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022. Ngazi za kommunalka ni za ghorofa nne bila lifti, na mwenye magoti mabovu afikirie mara mbili. Ukifika mlangoni pa jiko, simama kizingitini, salimia, ungoje ujibiwe. Kama hujibiwi, rudi ukasubiri ukumbini.

Kampuni ilinijibu baada ya wiki mbili, ikashukuru na kuahidi kulizungumza jambo hilo na wakazi. Kwa sasa nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitawaongezea siku nitakapoarifiwa kwamba wale sita wameulizwa.