Tahadhari: kompyuta "iliyopimwa saa 24" iliyofichiwa RAM mbovu

Wakuu, kama kuna mtu anakuuzia kifurushi cha ubao mama, prosesa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) huku akisema "nimeshaituni, yaani nimeipangia kasi, nimeipima saa 24, haina kosa hata moja", naomba umalize kusoma hapa kabla hujatuma hela. Mimi nilinunua kifurushi cha namna hiyo. Picha ya kipimo aliyonionyesha haikuwa ya kughushi, na kijiti kimoja cha RAM kilikuwa kibovu tangu siku kilipofika mikononi mwangu. Mambo hayo mawili yaliwezaje kuwa kweli kwa pamoja? Ilinichukua karibu wiki mbili kulielewa hilo, na ndilo lililonifanya niandike.

Nilichonunua ni prosesa ya Intel ya kizazi cha 12, ubao mama wake, vijiti viwili vya RAM aina ya DDR4 vya gigabaiti 16 kila kimoja, na diski ndogo ya SSD ambayo tayari ina Windows. Vibandiko kwenye vijiti vinasema kasi ya 3200. Muuzaji akasema amevipandisha hadi 3600 kwa mipangilio yake maalumu, na kwamba hapo ndipo thamani ya kifurushi ilipo. Akasisitiza mambo mawili: nisiguse BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofanya kazi kabla Windows haijawaka), na nisifute Windows aliyoiweka. "Kaka, nimeipanga yote kwa ajili ya mashine hiyo, ukifuta utaharibu kazi yangu." Nilimwona ni fundi anayeipenda kazi yake. Leo nikisikia maneno hayo kutoka kwa muuzaji yeyote, naondoka.

Wiki tatu mashine ilitulia kabisa. Kisha nikachomoa SSD yake, nikaweka yangu na kusimika Windows upya, kwa sababu siwezi kuandika nywila zangu kwenye mfumo uliowekwa na mtu nisiyemjua. Balaa likaanza siku hiyo hiyo. Faili la zip lilikataa kufunguka likidai limeharibika. Nikalipakua tena, likafunguka. La pili likakataa. Picha mbili nilizohamisha kutoka kwenye simu zilitokea nzima juu, lakini kuanzia katikati kwenda chini ni kijivu kitupu. Siku ya nne ikaja skrini ya buluu yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT.

Nilipomwandikia, jibu lilikuja ndani ya dakika moja: si nilikuambia usifute Windows? Nikarudisha SSD yake, mashine ikatulia tena. Kwa hiyo nilimwamini, na nikamwomba radhi. Hilo la kumwomba radhi bado linaniuma.

Kilichonifungua macho ni jambo dogo. Nikiwa kwenye Windows yake nilifungua Task Manager, upande wa kumbukumbu, nikaona RAM inayoweza kutumika ni gigabaiti 28 tu wakati iliyochomekwa ni 32. Gigabaiti nne nzima zimeandikwa kuwa zimetengwa kwa ajili ya vifaa. Kutengwa kiasi fulani ni kawaida: makumi au mamia ya megabaiti, hasa kama prosesa ina michoro ya ndani inayokopa RAM. Gigabaiti nne si kawaida. Nikafungua msconfig, sehemu ya kuwasha mfumo, mipangilio ya ziada, na pale kwenye kiwango cha juu cha kumbukumbu kulikuwa na alama ya vema. Mtu alikuwa ameiagiza Windows isivuke gigabaiti 28.

Niliganda kidogo pale, kisha nikarudi kwenye ile picha yake ya kipimo. Nilipoikuza, programu ilikuwa imepima kama gigabaiti 26 na ushee. Kipimo kilifanyika kweli, saa 24 zilikuwa za kweli, na makosa yalikuwa sifuri kweli. Lakini kilifanyika ndani ya Windows iliyofungwa macho isione sehemu mbovu. Programu yoyote ya kupima inayokaa ndani ya Windows huomba RAM kutoka kwa Windows, na Windows haiwezi kuigawia ile iliyokatazwa kuitumia.

Ndipo nikatafuta flashi na kuweka MemTest86. Programu hii haihitaji Windows: unawasha kompyuta moja kwa moja kutoka kwenye flashi, na yenyewe inapima karibu RAM yote iliyochomekwa. Toleo la bure linakuruhusu kupitia RAM mara nne. Memtest86+, ambayo ni ya chanzo huria, inafanya kazi kama hiyo bila kikomo hicho. Mzunguko wa kwanza haukuisha kabla maandishi mekundu hayajaanza kumwagika. Makosa yote yalikuwa kwenye anwani (namba za mahali ndani ya RAM) za juu ya megabaiti 29,000, yaani ndani ya eneo lile lile lililofichwa. Aliyeweka kikomo kile alijua ubovu uko wapi. Hiyo si bahati mbaya ya fundi aliyesahau kupima. Alipima, akaona, akafunika.

Sikutaka kumshutumu mtu kwa kosa ambalo huenda limetokana na kasi tu, kwa hiyo nikaingia BIOS na kurudisha mipangilio ya kiwanda, RAM ikashuka kwenye kasi yake ya kawaida. Makosa yakabaki pale pale. Nikatoa vijiti, nikapima kimoja kimoja kwenye tundu moja. Cha kwanza kilipita mara nne bila kosa. Cha pili kikatoa makosa, nikakihamishia tundu jingine, kikatoa tena. Msishangae mkiona anwani za makosa zinabadilika mkibakiza kijiti kimoja. Vijiti viwili vikiwa pamoja hugawana anwani kwa zamu. Kosa likikifuata kijiti, kijiti ndicho kibovu. Likibaki kwenye tundu bila kujali kijiti, tazama ubao mama au pini za soketi ya prosesa.

Kabla ya kurudisha ya kiwanda nilikuwa nimepiga picha kila ukurasa wa BIOS yake, na ninawashauri mfanye hivyo hivyo, maana ndio ushahidi pekee utakaobaki. Humo nikakuta sehemu ya pili ya udanganyifu. DDR4 ya kawaida inakwenda kwa volti 1.2, na profaili nyingi za XMP (mipangilio ya kasi ya juu iliyokuja na vijiti vyenyewe) zinatumia 1.35. Yeye alikuwa ameweka 1.5. Vipo vijiti ambavyo kiwanda chenyewe kimeviidhinisha kwa volti hizo, lakini hivi kibandiko chake kinasema 1.35. Kibaya zaidi ni kipengele kinachoitwa tREFI, yaani muda kati ya agizo moja la kuijaza RAM chaji na jingine. RAM hutunza kila biti kama chaji ndogo ya umeme, na chaji hiyo inavuja muda wote, kwa hiyo ni lazima ijazwe upya. Kwa DDR4 agizo la kujaza hutolewa kila baada ya maikrosekunde 7.8, na RAM yote inakuwa imepitiwa ndani ya milisekunde 64. Kwa kasi ya 3600 hizo maikrosekunde 7.8 ni kama mapigo 14,000 ya saa ya RAM. Yeye aliweka 65535, yaani RAM inasubiri zaidi ya mara nne ya muda wake. Kwa kufanya hivyo namba za majaribio ya kasi zinapendeza, kwa sababu RAM haikatizwi mara kwa mara. Lakini chaji huvuja haraka zaidi joto linapopanda. Kwenye picha zake ubao umelala mezani, wazi, feni pembeni. Ndani ya kasha lililofungwa, kadi ya michoro ikipuliza joto kwa saa mbili za gemu, hali ni nyingine kabisa.

Nililijaribu hilo kwa kijiti kizima peke yake. Nikarudisha mipangilio yake yote, nikafunga kasha, nikaendesha Prime95 kwenye kipimo cha kuchanganya, ambacho hubebesha mzigo prosesa na RAM kwa pamoja, huku kadi ya michoro nayo ikifanya kazi. Baada ya dakika arobaini na kitu nyuzi mbili za hesabu zilisimama kwa kosa la ukadiriaji, yaani majibu ya hesabu hayakuwa sahihi. Mipangilio ile ile, kasha likiwa wazi na chumba kimepoa, ilikwenda usiku kucha. Kwa hiyo hata bila kile kijiti kibovu, "imara saa 24" ilikuwa ni imara ya mezani kwake tu.

Mtu huyo huyo anauza pia faili la mipangilio ya BIOS peke yake, kwamba ukilipakia utapata kasi kama yake. Msinunue. Prosesa mbili za jina moja hazilingani, kidhibiti cha RAM ndani ya moja kinaweza kubeba kasi ambayo ya pili haibebi, na vijiti vya toleo moja vinaweza kuwa na chipu za kampuni tofauti. Mipangilio inayofaa kwenye mashine yangu haina dhamana yoyote kwenye yako. Kama unataka kasi iliyoandikwa kwenye kibandiko, washa profaili iliyokuja na vijiti: XMP ya Intel, ambayo ipo tangu enzi za DDR3 mwaka 2007, au EXPO ya AMD iliyokuja na DDR5 mwaka 2022. Nayo uipime, kwa sababu hata hiyo inavuka kiwango rasmi cha prosesa nyingi.

Ukilazimika kununua kwa mtu binafsi, njoo na flashi yako. Mwambie arudishe BIOS kwenye hali ya kiwanda mbele yako, kisha uwashe kutoka kwenye flashi. Hata nusu saa inatosha kukamata kijiti kilichokufa kama changu. Kosa la joto au la volti linataka usiku mzima, tena na kasha limefungwa. Kosa moja ni kosa. Asikwambie "hilo moja ni la kawaida", kwa sababu RAM iliyo salama haitoi hata moja. Ukifika nyumbani weka Windows yako mwenyewe, endesha kipimo cha RAM kisha cha prosesa, na baada ya siku chache fungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows) utafute jina WHEA-Logger. Pale utaona makosa ambayo vifaa vimeyarekebisha kimyakimya kabla mashine haijaanguka. Na kwa wenye DDR5, msidanganywe kwamba "ina ECC ndani kwa hiyo haikosei" (ECC ni mfumo wa kurekebisha makosa ya kumbukumbu). Ile iliyomo ndani ya chipu inarekebisha makosa ya ndani ya chipu hiyo tu. Data ikiharibika njiani kati ya kijiti na prosesa, haihusiki.

Jambo jingine nililoliona kwenye matangazo yake, nalisema kwa ufupi: anauza prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilizotumika, "zimetuniwa ziwe baridi", kumbe kasi yake imeshushwa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa za kompyuta za mezani za vizazi hivyo zilikuwa zikipelekewa volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa mapema, ikatoa mikrokodi (programu ndogo inayoelekeza prosesa ifanye kazi vipi) ya 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Mikrokodi inazuia uharibifu, haiponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Prosesa iliyoumia inaweza kutulia ukiishusha kasi, na ndiyo maana mtu anayekuuzia ikiwa imeshushwa lazima akuonyeshe pia inavyokwenda kwa kasi yake ya kiwanda.

Nilimtumia muuzaji picha zote: kikomo cha kumbukumbu, anwani za makosa, kurasa za BIOS. Alisoma. Kesho yake akajibu kwamba RAM inaweza kuharibika njiani wakati wa kusafirishwa. Nikamuuliza, kama iliharibikia njiani, wewe kikomo cha gigabaiti 28 ulikiweka lini? Hakujibu, kisha akanifungia. Tangazo lake bado lipo, na picha ya kipimo ni ile ile, nimelinganisha hadi saa iliyoko kwenye kona. Kwa hiyo kuna mtu mwingine anaonyeshwa kipimo cha mashine yangu kama ndicho cha mashine atakayouziwa.

Kama ulinunua kwake, au kwa mwingine aliyekukataza kufuta Windows, fungua Task Manager sasa hivi uangalie RAM iliyotengwa. Ukikuta kikomo, usikiondoe kwanza. Piga picha, hifadhi SSD yake jinsi ilivyo, kisha upime kwa flashi. Na mafaili yako muhimu yaliyopita kwenye mashine hiyo yafungue moja moja, maana RAM mbovu huandika uharibifu wake kwenye diski bila kutoa taarifa. Mimi nimepoteza picha kumi na moja za familia ambazo simu yangu ilikuwa imeshazifuta.

Kile kijiti kibovu ninacho. Nimeandika KIBOVU pande zote mbili kwa kalamu isiyofutika na kukwaruza pini zake za dhahabu kwa bisibisi, ili asije mtu akakiokota na kukiuza tena.