TAHADHARI: Msinunue stendi za visu za "steli 304" kwa yule jamaa wa Kariakoo

Wapishi wenzangu, hili jambo nimekaa nalo kifuani kwa sababu ya aibu, lakini jana mwenzetu mmoja kanitumia picha ya stendi ileile ananiuliza kama anunue. Dada, usitume hata shilingi. Yule mtu ni mwizi, tena mwizi mwenye ulimi mtamu.

Mnamjua, ni yule wa video za vyombo, anayevaa glavu nyeusi. Jina silitaji hapa. Na mnajua afisa afya alivyolikataa gogo langu la mbao la kuwekea visu, kwa kuwa halioshiki, akasema atarudi kukagua. Nilihitaji kitu cha kuoshika, na nilikihitaji kabla hajarudi.

Sikumtumia hela mtu nisiyemwona. Nilikwenda mwenyewe hadi dukani kwake, kwenye vile vichochoro vya upande wa Msimbazi. Akaniita "mama mkubwa", akanivutia kiti, akaagiza maji ya baridi. Kisha akachukua gogo la mbao la kuwekea visu, kuukuu, akawasha tochi ya simu na kuielekeza kwenye tundu moja. "Chungulia, mama." Nikachungulia. Ukungu mweusi, na chini makombo ya mkate yaliyogandamana. Akaanza kunieleza taratibu: kisu kinaoshwa, hakikaushwi sawasawa, kinatumbukizwa na unyevu wake. Tundu jembamba, brashi haipiti. Chini kumezibwa, maji yatatokea wapi? Ukikata kuku mbichi, ukasuuza juujuu na kurudisha kisu, salmonela, kile kijidudu cha kuharisha, umeshamjengea nyumba, na kila kisu utakachochomeka baadaye kinatoka naye.

Kila neno lilikuwa la kweli. Ndiyo maana nilimwamini, na mtu yeyote anayepika kwa kuuza angemwamini. Tapeli wa kawaida anasifia mng'ao na bei, huyu alizungumza mambo ya jikoni kwangu.

Halafu akaleta stendi ya kuonyeshea. Jamani, ile ilikuwa kazi ya fundi. Inaachana vipande vitatu kwa mkono, bila bisibisi: kava la nje, wavu wa juu unaotenganisha visu visigusane, na sinia dogo la chini la kukinga matone. Ina miguu mifupi ili hewa ipite chini yake. Pembe za ndani zimepindwa kwa mviringo, hakuna kona ya uchafu kujificha, na mkono wangu wote uliingia ndani hadi kwenye kitako. Akamimina chai ya maziwa humo, akaachanisha vipande, akapitisha sponji na sabuni, akasuuza, akafuta na kitambaa cheupe. Kitambaa kikabaki cheupe. Akatoa sumaku mfukoni, akaibandika ubavuni, ikateleza na kuanguka mezani. "Umeona? Hii 304, steli isiyoshika kutu upesi, kromiamu asilimia 18, nikeli 8. Ile ya kushika sumaku siyo hii." Akaniusia hata nisiioshe kwa jiki, kwa kuwa klorini hula steli vitundu vidogovidogo na kutu ikaanzia hapo. Na hilo nalo ni kweli!

Bei 85,000. Nikamwomba, akakataa katakata, nikaona kumbe ana uhakika na mali yake. Nikalipa kwa simu palepale. Nilipoishika ile stendi niondoke nayo, akacheka kwa heshima: "Hapana mama, hii imeshikwashikwa na kila mtu, yako ipo stoo." Kijana akaja na boksi limezungushiwa nailoni na gundi pande zote. Nikasema nifungue nione. Akasema ukikata nailoni dukani garantii inakufa, nikafungulie nyumbani, kukiwa na tatizo nirudishe hivyohivyo. Wateja wamejaa mlangoni, kijana keshanibebea boksi hadi barabarani. Nikaondoka.

Nyumbani ilionekana ileile kwa nje. Wavu wa juu ulikuwa mgumu kutoka, nikadhani ni upya.

Kilichonitoa machozi ni ile shughuli ya Tabata. Nimesimama na mama wa bibi harusi, ananionyesha pa kuweka majiko, mimi navuta kisu nianze kachumbari. Kikatoka na maji ya rangi ya kutu, yakadondoka juu ya nyanya zilizokwisha katwa, na harufu ya kuoza ikafuata. Yule mama hakusema kitu. Alitazama zile nyanya, akanitazama mimi, akaenda kumwita dada yake. Nilimwaga bakuli zima, nikaosha visu vyote kwa maji ya moto, nikapika hadi mwisho, lakini wale dada wawili walisimama nyuma yangu mchana kutwa wakiangalia mikono yangu. Miaka yote hii napikia watu sijawahi kusimamiwa.

Usiku nikaifungua kwa bisibisi, kwa sababu kwa mkono haifunguki. Wavu umegundishwa. Sinia la chini halipo, kuna kitako kilichozibwa. Na ndani, wapendwa, kuna ubao, ule wa unga wa mbao wa makabati ya bei chee, umevimba kwa maji, na bati jembamba limebandikwa juu yake kwa gundi. Kati ya bati na ubao mlikuwa na mayai ya mende. Sumaku ya friji ikanasa kwa nguvu. Yaani ni gogo lilelile alilonichungulisha akalitukana, kalivisha bati.

Nikampigia. Mwanzo "mama mkubwa". Nilipotaja ubao, sauti ikabadilika: "Uliosha kwa jiki wewe." Wosia alionipa mwenyewe ndio akaugeuza kesi! Nikarudi dukani na picha, ananiambia mali ikishatoka hairudi, na kwamba nailoni nimeikata. Siku hizi simu yangu haipokei.

Ishara zilikuwepo. Namba niliyolipia ilikuja jina la mtu mwingine, si la duka. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, alisema mashine ina hitilafu. Boksi lilikuwa jepesi kuliko ile ya kuonyeshea, na ukiigonga stendi inatoa sauti ya mbao. Na video zake zote hazina sehemu ya maoni, kaifunga. Fungua boksi mbele yake, achanisha vipande mwenyewe, pitisha sumaku. Akikataa, toka.

Lakini mimi sitaki kuishia kwenye kuwaonya tu. Nataka lile duka lifungwe. Mtu anayejua salmonela ni nini, anayeweza kukueleza namna inavyohama kwenye kisu, halafu anakuuzia kiota cha mende cha kuweka jikoni unakopikia watoto wa watu, huyo hakukosea bidhaa. Alijua. Mtu akiugua kwenye shughuli, nitakamatwa mimi mpishi, yeye atakuwa anavaa glavu zake nyeusi mbele ya kamera. Ashitakiwe, arudishe hela za kila aliyemwibia, na TRA wamuulize hiyo mashine yake mbovu ni mbovu tangu lini.

Stendi sijaitupa, ipo kwenye mfuko na ubao wake na mayai yake, pamoja na ujumbe wa malipo. Naipeleka Tume ya Ushindani, FCC. Aliyenunua kwake anitumie picha ya ndani na ujumbe wake wa malipo kabla ya Jumatatu, niende na malalamiko yetu yote kwa pamoja.