Nenda KICC kwa Miguu: Tathmini ya Siku Tano za Mkutano Nairobi

Hotuba ya ufunguzi wa mkutano uliotutoa Mombasa niliisikia ikiwa makofi tu, nikiwa bado nje kwenye meza ya usajili natafutiwa beji. Nilikuwa nimetoka hotelini Westlands saa mbili kasoro robo, nikiamini kwamba mwendo wa kilomita chache hauwezi kuzidi nusu saa, na nikafika saa tatu na dakika ishirini. Dereva wa teksi alikuwa mtu mcheshi. Tulipokuwa tumesimama mahali pamoja kwa muda mrefu kiasi cha kusoma mabango yote ya pande mbili za barabara, aligeuka akaniambia, "Mama, ningekushauri ushuke utembee, ila na mkoba huo utanilaumu."

Kwa hiyo tathmini hii, ingawa inahusu Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta (KICC) na mambo yanayolizunguka, kwa kweli imejengwa juu ya jambo moja: anayehudhuria mkutano KICC alale mahali ambapo atafika jumbani kwa miguu. Kidimbwi cha kuogelea, kifungua kinywa cha aina thelathini na mandhari ya bustani havina faida kwa mtu anayeondoka alfajiri na kurudi usiku amechoka.

Nianze na jumba lenyewe. Lilijengwa kati ya mwaka 1967 na 1973 kwa usanifu wa Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wa Kenya, na awali lilikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU. Mpango ukakua lilipotakiwa kupokea mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa uliofanyika Nairobi mwaka huo wa 1973. Tangu hapo limepokea mikutano mizito, ukiwemo ule wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani wa Desemba 2015 na Mkutano wa Afrika kuhusu Tabianchi wa Septemba 2023. Mnara wake una orofa 28, na pembeni yake umeinuka ukumbi wa mviringo wenye paa lililochongoka, ambao mtu wa pwani akiutazama haoni kitu kingine isipokuwa kawa iliyofunikia sinia. Nimesoma maelezo mengi ya wasanifu kuhusu umbo hilo na bado naona kawa.

Kwa mshiriki, uzuri wa KICC uko kwenye ua wake kuliko kwenye kumbi. Ni ua mpana wenye maji na sanamu ya Mzee Kenyatta aliyeketi, kazi ya mchongaji James Butler, na ndipo mikutano ya kweli hufanyika: hapo ndipo nilipopata watu wawili niliokuwa nikiwaandikia barua pepe kwa miaka mitatu bila kujibiwa. Ndani, ukumbi wa mviringo unafaa sana kwa hotuba kwa sababu aliyeketi nyuma anamwona msemaji vizuri. Vyumba vidogo vya makundi vinahitaji subira, maana mpangilio wa jengo la miaka ya sitini haukuwazia watu mia nne wanaohama chumba kila baada ya dakika tisini. Mwenye kikao alichokusudia kutokikosa aondoke dakika kumi mapema. Na kabla ya kuondoka Nairobi apande juu kabisa ya mnara, ambako wageni huruhusiwa kwa malipo. Afanye hivyo asubuhi, kabla vumbi na moshi wa mchana havijaficha vilima vya Ngong upande mmoja na nyika ya mbuga upande mwingine.

Swali linalofuata ni kwa nini waandaaji wengi huwapeleka wageni Westlands, Upper Hill au mbali zaidi. Jibu moja ni kwamba hoteli mbili kubwa zilizokuwa zikiwapokea wageni wa jumba hili zimefungwa. InterContinental, iliyokuwa jirani kabisa na KICC, ilisitisha shughuli mwaka 2020, na Hilton, ule mnara wa duara uliokuwa alama ya katikati ya jiji tangu 1969, ikafunga milango mwishoni mwa 2022. Zilizobaki katikati ya jiji ni hoteli chache za hadhi, mojawapo ikiwa Stanley ya Barabara ya Kimathi, ambayo historia yake inaanzia 1902, pamoja na hoteli nyingi za kati ambazo mwandaaji mwenye wasiwasi hathubutu kuziweka kwenye orodha yake. Kuna pia sifa mbaya ya katikati ya Nairobi, ambayo sisi wageni tumerithishwa tangu enzi za babu zetu na ambayo wenyeji wenyewe huichochea kwa fahari kidogo. Sisemi haina msingi. Nasema tu kwamba kati ya Barabara ya Harambee na ile ya Kenyatta, mchana na mapema jioni, nilitembea na mwenzangu siku nne, simu zikiwa mikobani na si mikononi, wala hatukuguswa.

Usiku wa pili tulihamia hoteli ya kati, umbali wa dakika nane kwa miguu kutoka jumbani, kwa bei isiyofika nusu ya ile ya kwanza. Chumba kilikuwa kidogo, safi, chenye maji ya moto ya kutosha, jambo ambalo mtu wa Mombasa hulidharau mpaka alale mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa Julai, bila sweta. Kasoro yake ilikuwa kelele. Tulipewa kwanza chumba kilichoelekea barabarani, na matatu za Nairobi hazina saa ya kulala, muziki wake unapenya dirisha lililofungwa na pazia lililoshushwa. Tukaomba tuhamishwe upande wa nyuma na tukahamishwa bila manung'uniko. Anayekodi chumba katikati ya jiji aulize mambo matatu tu kabla ya kulipa: chumba kinaelekea wapi, maji ya moto yanapatikana saa ngapi, na bawabu yupo usiku kucha au la. Mengine ni mapambo.

Ushauri huu, niseme wazi, haumhusu mwenye mkutano katika ofisi za Umoja wa Mataifa, Gigiri. Huko ni kaskazini ya mji, na anayelala katikati kwa ajili ya Gigiri atakuwa amejitafutia adhabu yangu ya siku ya kwanza kwa njia nyingine.

Kwa anayetoka pwani, usafiri bora ni treni. Tangu Januari 2024 nauli ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, na tiketi hukatwa kwa simu kupitia *639# na kulipiwa kwa M-Pesa. Nimesafiri madaraja yote mawili, na sioni kwa nini mtu alipe mara tatu kwa mwendo wa saa tano hivi, isipokuwa kama ana kazi ya kumalizia njiani na anahitaji utulivu. Vituo vyote viwili viko nje ya miji, Miritini kule na Syokimau huku, na ukaguzi wa mizigo unataka mtu afike mapema. Hata hivyo, ukishuka Syokimau treni nyingine ya abiria hukuchukua hadi stesheni kuu ya zamani katikati ya Nairobi, na kutoka stesheni hiyo hadi KICC ni mwendo wa robo saa kwa miguu, au zaidi kidogo ukiwa na sanduku la magurudumu yaliyochoka kama langu. Msafara mzima hauna msongamano hata mmoja, ila kwa sharti kwamba unalala katikati ya jiji. Siku ile tulipotua tukaelekea Westlands tulianza kuuvunja mpango huu mzuri kwa mikono yetu wenyewe.

Chakula nitakipita haraka. Kile cha mkutano kilikuwa cha mkutano. Jioni tulikula katika mikahawa inayozunguka Msikiti wa Jamia, ambao ujenzi wake ulianza miaka ya 1920 na ambao uko karibu vya kutosha kwa mwenye kuswali kwenda na kurudi wakati wa mapumziko ya adhuhuri. Pilau tuliyoipata huko haikutuaibisha. Kuhusu mahamri ya Nairobi, yasiyo na iliki wala tui, nimeamua kunyamaza kwa heshima ya wenyeji wangu.

Kutalii katikati ya mkutano kunawezekana ikiwa mtu hatajidanganya kwamba ana siku nzima. Mbele ya KICC kuna Basilika ya Familia Takatifu iliyosanifiwa na Dorothy Hughes, na robo saa inatosha kuiona. Makumbusho ya Taifa, yaliyo Museum Hill, yanataka saa tatu kamili. Humo mna masimulizi ya Mvulana wa Turkana, binadamu wa kale ambaye mabaki yake yaligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, na nje kuna sanamu kubwa ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya rais. Tulikwenda mchana wa siku ya mwisho baada ya kikao cha kufunga, na tukafukuzwa na saa ya kufungwa kabla hatujamaliza. Kosa lilikuwa letu.

Mahali palipotushika zaidi ni Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni ya zamani, ambayo yalianzishwa 1971 na ambayo wageni wengi wa mikutano hawayafikirii kabisa. Kwa mtu aliyetoka Mombasa kwa treni, ni kama kuisoma safari yake upya kutoka mwanzo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika eneo la Nairobi, lililokuwa kinamasi, mwaka 1899, na mji huu mzima ukazaliwa kutokana na kambi ya reli. Uani kuna vichwa vya mvuke unavyoruhusiwa kupanda na kushika mitambo yake. Kuna pia behewa moja la mbao ambalo mwenzangu alikataa kuliingia. Mwezi Juni 1900, katika stesheni ya Kima, ofisa wa polisi Charles Ryall alijificha ndani ya behewa hilo pamoja na wenzake wawili ili amvizie simba mla watu. Usingizi ukamchukua akiwa zamu, simba akaingia, akamtoa kupitia dirishani. Siku mbili kabla tulikuwa tumepita maeneo yale yale tukinywa chai, baada ya kupita juu ya tuta ambalo ndovu wekundu wa Tsavo hupita chini yake. Nilikaa mbele ya dirisha hilo dogo muda mrefu kuliko nilivyokaa kwenye kikao chochote cha siku ile.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946 na yenye eneo la kilomita za mraba 117, ipewe asubuhi yake yenyewe, baada ya mkutano kwisha. Nimewaona washiriki wakijaribu kuibana kabla ya kikao cha saa tatu, na hawafiki kikaoni. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili alfajiri, malipo hufanywa kwa njia ya mtandao wa serikali na si taslimu, na anayeyamaliza usiku kabla ya kulala huipita foleni. Hakuna ndovu wa porini humo, wala asije mtu akidanganywa. Kuna faru, simba, twiga na nyati, nyuma yao majengo ya jiji yakionekana kama yamechorwa. Pamehifadhiwa pia mahali pembe za ndovu zilipochomwa, kwanza tani 12 mwaka 1989, kisha tani 105 mwaka 2016. Ndovu utawaona katika kituo cha Sheldrick cha kulelea ndovu yatima, kilicho pembeni ya mbuga, ambacho hupokea wageni kwa saa moja tu, kuanzia saa tano hadi adhuhuri, kwa waliojiandikisha mapema. Mapema maana yake ni wiki kadhaa, siku ile ile unayokata tiketi ya treni, si jana yake. Kampuni ya magari tuliyoikodi, ambayo sitaitaja, ilituahidi kwamba "itaongea na mtu" langoni. Hakukuwa na mtu wa kuongea naye, na tuliwatazama ndovu hao kupitia simu ya mwanamke aliyekuwa akitoka.

Limebaki jambo moja ambalo mwenye kupanga tarehe anapaswa kulijua. KICC imepakana na Bunge, Mahakama ya Juu na afisi nyingi za serikali, na jirani hao ndio udhaifu wake mkubwa. Maandamano ya tarehe 25 Juni 2024 yalifika ndani ya Bunge, na tangu hapo kumbukumbu ya siku hiyo huja na vizuizi vya polisi kwenye barabara za kuingia mjini. Anayelala karibu anaweza bado kufika ukumbini siku kama hiyo, lakini anaweza pia kujikuta amefungiwa katikati ya vurugu, na hapa tu ndipo nitakapokubali kwamba wa Westlands ana nafuu. Mwandaaji aepuke wiki hiyo.

Tulirudi kwa treni ya saa tisa alasiri. Tulitoka mbugani saa sita na robo tukiwa na vumbi viatuni, tukachukua mizigo tuliyomwachia bawabu wa hoteli, tukatembea hadi stesheni ya zamani, na tukafika Syokimau tukiwa na muda wa kutosha wa kununua maji. Hoteli ya Westlands ilikuwa bado haijanirudishia pesa za siku tatu ambazo sikulala.