Rivyu: wodi ya mishipa ya fahamu aliyolazwa dada, nyota 4 kati ya 5

Jina la hospitali naliacha, nazungumzia huduma tu.

Dada alianza na mafua ya kawaida, kikohozi na kahoma, yakaisha. Kama wiki hivi mbele akaanza kulalamika nyayo zina ganzi, kufika jioni ganzi ishapanda mpaka kitovuni, anahisi kama kafungwa mkanda tumboni umekazwa, afu miguu ikaanza kugoma. Mapokezi yao yanachosha, foleni na fomu, ila nesi wa pale mbele nampa maua yake, maana wengine wote waliuliza miguu tu, yeye akamuuliza dada mara ya mwisho kukojoa ni saa ngapi. Tangu asubuhi hajakojoa na wala hasikii haja! Akapima kibofu kwa kile kimashine, kimejaa pomoni, akamwekea mpira wa mkojo na dokta akaitwa palepale. Miguu imelegea, mkojo umeziba, na ganzi ina mpaka kabisa mwilini, ukiviona pamoja hivo unaangalia uti wa mgongo kwanza, ndo dokta alivotueleza.

MRI wakapiga mgongo mzima kuanzia shingoni na sio kiuno peke yake, nilipenda hiyo, kwa sababu shida inaweza kuwa juu kuliko pale ganzi inapoishia. Walitaka kwanza kujua kama kuna kitu kinabana maana hicho kinaweza kutaka upasuaji wa haraka. Hamna. Wakatoa maji ya mgongo, damu ikaenda kupimwa antibodi (chembe za kinga) zinazoitwa AQP4 na MOG ambazo zinasaidia kujua kama ni aina inayoweza kurudi. Jibu likaja transverse myelitis, yani uti wa mgongo umevimba, na kwa dada waliona ni kinga yake mwenyewe iliyoamshwa na mafua ikaendelea kupigana wakati adui keshaondoka. Nikauliza mbona nyumba nzima tuliumwa mafua hayohayo, dokta akasema ni nadra, makadirio ni mtu 1 mpaka 8 kwa kila milioni kwa mwaka.

Akawekewa dripu ya methylprednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, gramu 1 kila siku kwa siku 5, na walituambia mapema kwamba usingizi utapotea na sukari inaweza kupanda, kweli usiku anaongea kama redio. Ingegoma wangehamia kwenye kusafisha plazma, yani yale maji ya damu, hatukufika huko.

Sasa fizio, wale wa mazoezi ya viungo. Hawa wangekuwa peke yao ningetoa nyota 5 bila kufikiria. Walianza dada akiwa hawezi hata kugeuka, wanamnyoosha vifundo visikaze, wanamgeuza asipate vidonda vya kulala, wakamkalisha, afu akasimama kwenye zile bomba mbili sambamba, leo anatembea na woka, ile fremu ya kushikilia. Na yule nesi wa kibofu alomfundisha kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira, mara kadhaa kwa siku, na kioo na mikono misafi, bila kumwonea aibu wala kumharakisha, yani hiyo kazi sio kila mtu anaiweza.

Nyota wameipoteza siku ya kuruhusiwa. Karatasi, vidonge, kwaheri. Hakuna aliyetaja kwamba miguu itaanza kukakamaa na kurukaruka usiku, wala choo kigumu, wala ule uchovu. Hata habari ya kupona tuliipata kwa fizio kwenye korido: kwa wengi mabadiliko makubwa yanakuja miezi 3 mpaka 6 ya mwanzo ila yanaweza kuendelea hata miaka 2, na kwa kawaida karibu theluthi moja wanapona vizuri, theluthi wanabaki na shida kiasi, waliobaki wanabaki na ulemavu mkubwa. Hayo ni ya kuambiwa mmekaa na dokta, sio umesimama umeshika begi.

Ukimpeleka mgonjwa wodi kama hii usikubali kutoka bila tarehe ya kliniki ya kibofu na ya fizio imeandikwa kwenye karatasi, sisi tulizitafuta kwa simu mpaka tukachoka.