Makabati mapana ya droo tatu: tathmini ya mtunza kumbukumbu anayetumia kiti mwendo

Mimi ni mtunza kumbukumbu, na kazi zangu zote za masjala nazifanya nikiwa kwenye kiti mwendo. Kwa miaka mingi tulitumia yale makabati ya chuma ya droo nne yanayofahamika na kila aliyewahi kuingia katika ofisi ya umma: membamba kwa mbele, marefu kwenda nyuma, na yenye kimo cha takriban sentimita 132. Mwaka huu tuliletewa makabati mapana ya droo tatu, ambayo majalada yake hupangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Nimeyatumia kwa miezi saba sasa, na naandika kwa ajili ya wanaoagiza samani za ofisi, kwa kuwa mara nyingi hawatuulizi sisi tunaozitumia.

Kabati la zamani halikunitesa kwa kimo chake tu. Droo ikivutwa hadi mwisho hutoka kwa zaidi ya sentimita 60, hivyo aliyekaa mbele yake hulazimika kurudi nyuma kadiri inavyotoka, mpaka majalada ya mwisho yanakuwa mbali na mkono wake. Nilipokuwa sikufunga breki vizuri, droo nzito haikuja kwangu. Kiti ndicho kilichokwenda kwenye kabati, vikanyagio vikagonga bati. Droo ya juu sikuwahi kuona ndani yake. Nilipapasa kwa vidole, nikatoa jalada, nikasoma namba, nikalirudisha na kupapasa tena, na mara nyingi niliishia kumwita mwenzangu aache kazi yake aje kutafuta jalada ambalo ni wajibu wangu kulitoa.

Kabati jipya lina kimo cha takriban sentimita 102 na kina cha sentimita 46. Nalisogelea kwa ubavu, navuta droo kwa mkono mmoja, na lebo zote naziona nikiwa nimekaa. Mkono wa droo ni mrefu na una nafasi ya kupitisha vidole vyote, jambo linalowafaa hata wasio na nguvu za kutosha za kushika. Droo mbili haziwezi kufunguka kwa pamoja, hivyo kabati haliegemei mbele na kumwangukia aliyekaa. Kwa kiasi cha majalada, droo hizo tatu zinabeba karibu sawa na zile nne za zamani.

Hata hivyo, kabati hili linakula ukuta takriban mara mbili ya lile la zamani, na droo ya chini bado ni ya kuinamia. Humo tumeweka majalada yaliyofungwa, na yale hai yakapanda juu. Kasoro kubwa zaidi ilikuwa katika upangaji. Mafundi waliyapanga makabati kwa safu mbili zinazotazamana, wakaacha njia ya sentimita 90 ambayo kiti kinapita moja kwa moja lakini hakiwezi kugeuka, na droo ikifunguliwa njia yenyewe inaziba. Viwango vya Marekani vinataka duara la sentimita 152 kwa ajili ya kugeuza kiti, na vifaa viwe kati ya sentimita 38 na 122 kutoka sakafuni. Niliomba safu moja ihamishiwe ukuta wa pili, na baada ya hapo ndipo niliweza kufanya kazi peke yangu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 hapa Tanzania inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Mtu akishaajiriwa masjala, ni lazima aweze kulifikia jalada.

Kwa ofisi inayotaka kununua, nayapendekeza makabati haya bila kusita, ila kabla ya kulipa, jazeni droo ya juu kwa majalada halisi, kisha mwacheni atakayeitumia aivute mwenyewe akiwa kwenye kiti chake.